Maigizo ya jamii ni taaluma, lakini mtihani wake uwe kijijini

Kila msimu wa udahili wa vyuo vikuu unapofika, mjadala wa kozi zenye ajira na zisizo na ajira huibuka upya, na sanaa za maonyesho huwa miongoni mwa kozi za kwanza kunyooshewa kidole. Ndani ya fani hiyo kuna tawi linalodharauliwa zaidi, nalo ni maigizo ya jamii: kazi ya kwenda kijijini au mtaani, kuchimbua tatizo pamoja na wanaoishi nalo, kulitungia igizo pamoja nao, kuliigiza mbele ya wenzao na kulijadili mpaka hatua ipatikane. Wakosoaji huuliza kwa nini kijana akae chuoni miaka mitatu, na deni la mkopo juu yake, ili ajifunze jambo ambalo kikundi cha ngoma cha kata hulifanya bila cheti. Swali hilo ni halali, lakini jibu lake si kufuta kozi. Maigizo ya jamii yanastahili nafasi chuo kikuu kwa sababu yanafundisha ujuzi ambao utawala wetu unauhitaji kila siku na ambao idara nyingine haziufundishi inavyopaswa: kumwezesha asiyezoea kusema hadharani aseme, na mkubwa asiyezoea kusikiliza asikilize. Hata hivyo, heshima hiyo haiji bure. Vyuo vitaistahili pale tu vitakapoutoa mtihani wa kozi hii jukwaani na kuupeleka kijijini.

Ili kuelewa kwa nini mtihani ndio kiini cha suala hili, inafaa kutazama jinsi vyuo vyetu vilivyoanza. Mwaka 1965 Chuo cha Makerere kilianzisha kikundi cha maigizo kilichosafiri na kuonyesha bila kiingilio katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki, na mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafuata mkondo huo huo. Ilikuwa hatua ya maana, kwa kuwa sanaa ilitolewa kwenye kumbi za wasomi ikapelekwa sokoni na viwanja vya shule. Lakini igizo liliondoka chuoni likiwa limekwisha kutungwa, na mwananchi alibaki mtazamaji. Botswana, mwaka huo huo wa 1974, ulianza mpango wa Laedza Batanani uliokwenda mbele zaidi: matatizo yalikusanywa kwenye mikutano na wenyeji, kisha yakaigizwa, halafu watu wakajadili kwa makundi. Ukasifiwa barani kote. Miaka michache baadaye Ross Kidd na Martin Byram, waliohusika nao tangu mwanzo, waliukosoa wao wenyewe kwa maandishi: viongozi na maofisa ndio waliokuwa na kauli ya mwisho juu ya mada, na mjadala uliishia kuwaambia maskini wabadili tabia zao badala ya kuhoji kwa nini ni maskini. Makerere na Nairobi hawakukosa vipaji, wala Botswana haikukosa watazamaji. Walichokosa wote ni njia ya kuhakikisha kwamba mwenye tatizo ndiye mwenye igizo.

Tanzania ilipata nafasi ya kujifunza kutokana na pengo hilo. Mwaka 1982 na 1983 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi Malya, wilayani Kwimba, mkoani Mwanza. Hawakwenda na andiko la igizo mkononi. Walikaa na wenyeji, wakauliza, wakachambua nao, na moja ya mambo yaliyojitokeza ni mimba za wasichana wa shule. Igizo lilijengwa kwa nyimbo na ngoma ambazo watu wa Malya walikwisha kuwa nazo, likaigizwa na vijana wa hapo, na mjadala ukafuata. Penina Mlama alikuja kuieleza kazi hiyo na nyingine za aina yake katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo, ambacho hadi leo husomwa katika vyuo vya Afrika na nje yake. Tuitazame mada yenyewe. Ilichukua hadi Novemba 2021 kwa serikali kutangaza kwamba msichana aliyeacha masomo kwa sababu ya kujifungua anaruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida. Jambo ambalo sera ya taifa ililifikia baada ya takribani miaka 40 lilikuwa limekwisha kutajwa hadharani na wanakijiji, kwa nyimbo zao wenyewe. Sidai kwamba igizo la Malya ndilo lililobadili sera. Ninachosema ni kwamba njia ile ilitambua mapema wapi palipouma, na serikali yoyote inayopanga mipango inahitaji chombo chenye uwezo huo.

Mbegu ile iliendelea kukua. Mwaka 1996 idara ya wahadhiri hao katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na Wizara ya Elimu, ilianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walikaa wakaorodhesha yanayowakwamisha: kunyanyaswa kijinsia, kudharauliwa darasani, mzigo wa kazi za nyumbani, woga wa kunyoosha mkono. Walichambua chanzo cha kila jambo, wakalitungia igizo, wakaliigiza mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wenzao, kisha wakaunda klabu za kufuatilia yaliyokubaliwa. Baadaye shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika, FAWE, lililichukua wazo hilo na kulipeleka katika nchi nyingine nyingi za bara hili. Ni nadra kwa mbinu ya kufundishia kubuniwa katika chuo chetu, kwa lugha yetu, ikasafiri kwenda kwa wengine. Mara nyingi safari huwa ni ya upande wa pili. Idara iliyozaa Tuseme ingekuwa ya uhandisi au kilimo, tungeitaja kila mwaka kwenye hotuba za bajeti.

Wanaosema kwamba haya yote ni kipaji tu, hayafundishwi, hawajatazama kwa karibu kinachofanyika kwenye igizo shirikishi. Tuchukue tatizo ambalo lipo vijiji vingi: fedha za maji. Vijana wanaigiza pampu imekufa, mama anafika kwa mwenyekiti wa kamati kuuliza michango imekwenda wapi, anajibiwa asubiri mkutano, anarudi nyumbani na ndoo tupu. Hapo mwezeshaji analisimamisha igizo na kuwauliza watazamaji: ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtu anaingia uwanjani, anachukua nafasi ya yule mama na kudai kuonyeshwa daftari. Anayeigiza mwenyekiti sharti ampinge kwa visingizio vile vile ambavyo kijiji kinavijua: katibu amesafiri, daftari liko wilayani, wewe mwenyewe hujalipa mwezi uliopita. Anaingia mwingine, anajaribu kuja na majirani watatu. Mwingine anasema twende kwa mtendaji. Wakati huo mwezeshaji anatakiwa kuona kwamba wanawake wamekaa nyuma na hawajasema, kwamba mwenyekiti halisi yuko safu ya mbele amekunja uso, kwamba kuna kijana anataka kutaja jina la mtu na akilitaja mkutano utageuka kesi. Aamue papo hapo nani ampe nafasi, lini akatishe, na jinsi ya kumlinda aliyethubutu kusema. Kuna watu wachache wenye karama ya kuyafanya hayo bila kufundishwa, kama walivyo wachache wanaozaliwa na kipawa cha kufundisha. Wengine wote wanahitaji mafunzo, mazoezi na mtu wa kuwakosoa.

Tena kuna maadili, ambayo ndiyo sababu kubwa zaidi ya somo hili kuwa chini ya chuo na kutoachiwa kila mwenye kanga za mapambo na spika. Augusto Boal, Mbrazili aliyeasisi Ukumbi wa Wanaodhulumiwa, alipenda kusimulia jinsi kikundi chake kilivyoigiza mbele ya wakulima wa kaskazini mashariki mwa Brazili, wasanii wakiwa wameinua bunduki na kuimba kwamba ardhi igombolewe kwa damu. Mkulima mmoja, Virgílio, alifurahi mno akawaalika waende na bunduki zao siku hiyo hiyo kumfukuza mwenye shamba. Ikabidi wamweleze kwamba bunduki zile ni za maigizo, hazifyatuki. Mkulima akaelewa kwamba damu waliyokuwa wakiiimba ilikuwa damu yake, si yao. Boal alisema kisa hicho kilimfundisha kutomhubiria mtu hatari ambayo yeye mwenyewe haibebi. Afrika Mashariki tuna somo letu kali zaidi. Pale Kamĩrĩĩthũ, Limuru nchini Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandaa na wanakijiji igizo la Ngaahika Ndeenda lililoanza kuonyeshwa Oktoba 1977. Kibali kilifutwa mwezi uliofuata, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini siku ya mwisho ya mwaka huo, na mwaka 1982 ukumbi ambao wanakijiji waliujenga kwa mikono yao ukabomolewa. Mwanafunzi anayekwenda kijijini akaibua mgogoro wa ardhi kisha akapanda basi kurudi chuoni anawaachia wengine moto. Kupima hatari kabla ya kuwasha mjadala, kupata ridhaa ya wahusika, kujua lini jina lifichwe: haya yana kanuni, yana historia na yanapaswa kuwa na mtihani.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenzi wa utamaduni, na lina uzito. Wanasema jamii zetu zilikuwa na sanaa ya kukosoa na kuonya kabla chuo kikuu chochote hakijajengwa: ngoma za kushindana, majigambo, vichekesho, nyimbo za kumsuta mtu mbele ya kadamnasi. Msomi anakwenda kuwafundisha nini? Hakika, akienda kufundisha kuigiza, anapoteza muda wa watu. Lakini uzoefu wa Malya unaonyesha kwamba mtu wa nje ana kazi nyingine. Sanaa ya jadi nayo ina mipaka yake: ina wenye haki ya kuimba na wasio nayo, na mara nyingi binti wa miaka 15 hana nafasi ya kumsuta mwalimu au baba mdogo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mgeni anayejua kazi yake huwapa wenyeji kisingizio cha kuvunja ukimya ambao hakuna wa ndani angeuvunja bila kulaumiwa, kisha hujiondoa. Kujua namna ya kuwa mgeni wa aina hiyo ni elimu.

Wapo pia wanaouliza kama zama za igizo la uwanjani hazijapita, maana kuna redio, televisheni na simu kila mfuko. Ushahidi wa nguvu ya redio tunao hapa hapa. Mchezo wa Twende na Wakati ulianza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993, na kwa takribani miaka miwili kituo cha Dodoma hakikuurusha ili watafiti waweze kulinganisha. Matokeo yalionyesha kwamba maeneo yaliyousikiliza yalipata ongezeko kubwa zaidi la watu wanaotumia uzazi wa mpango kuliko Dodoma. Visa vya Mkwaju, dereva wa lori asiyetulia, vilifanya kazi ambayo mabango hayakuiweza. Utafiti huo unapaswa kuwanyamazisha wanaodhani igizo ni burudani tupu. Hata hivyo, redio ina mpaka wake. Inaweza kumwambia msikilizaji jambo, lakini haimsikii akijibu, wala haimkutanishi na mwenyekiti wa kamati ya maji. Pale ujumbe unapokuwa mmoja kwa nchi nzima, redio itashinda daima. Pale tatizo linapokuwa la watu hawa, na kisima hiki, na fedha hizi, hakuna kinachofaa kuliko watu hao kukutana ana kwa ana na kulitazama likitendeka mbele yao.

Hapo ndipo jibu la ajira linapopatikana, kwa sababu kukutana ana kwa ana si hiari katika utawala wetu, ni matakwa ya sheria. Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na mipango ya kijiji hutakiwa kuibuliwa na wananchi wenyewe kwa mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imeuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa tunu za taifa, na serikali za kaunti haziwezi kupitisha bajeti bila kuwaita watu. Kila anayeifuatilia mikutano hiyo anajua kasoro yake: wanaosema ni wale wale, muhtasari huandikwa kabla ya kikao, na wananchi hupiga makofi kwa jambo watakalolikataa wakiwa njiani kwenda nyumbani. Sheria imeagiza watu washirikishwe, lakini hakuna aliyeandaliwa kuwashirikisha. Boal alipochaguliwa diwani wa jiji la Rio de Janeiro mwaka 1992, alilifanya igizo kuwa njia ya kukusanya hoja za wapiga kura na kuzigeuza miswada, na katika kipindi chake sheria 13 zilipitishwa kwa njia hiyo. Mhitimu wa maigizo ya jamii asifikirie ajira ya jukwaani peke yake. Nafasi yake halisi ni ofisi ya maendeleo ya jamii, idara ya afya, shule, mahakama za usuluhishi na kitengo chochote kinachotakiwa kisheria kuwauliza watu. Kosa letu ni kwamba miundo ya utumishi haimtambui, kwa hiyo anaishia kupanga foleni na waigizaji wa filamu.

Pingamizi zito kuliko yote halitoki kwa wanaoidharau fani, linatoka ndani yake. Tangu miaka ya 1990, sehemu kubwa ya maigizo ya jamii imekuwa ikilipwa na wafadhili. Mada hufika ikiwa imechaguliwa, iwe UKIMWI, malaria au vyoo. Siku za kazi zimehesabiwa, na idadi ya watazamaji ndiyo kipimo cha mafanikio. Kikundi hufika asubuhi, huigiza mchana, hupiga picha, hugawa posho na kuondoka kabla ya magharibi. Utafiti unafanywa kwa saa mbili, ufuatiliaji haufanywi kabisa. Mada hizo ni za kweli na watu walikufa kwa magonjwa hayo, kwa hiyo simlaumu anayezilipia. Lakini igizo la namna hiyo ni tangazo lenye ngoma, na Laedza Batanani ilikwisha kutuonya kuhusu njia hiyo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa mtindo huu atakuwa hodari wa kuandika ripoti na dhaifu wa kusikiliza, na mkosoaji atakuwa na haki ya kuuliza shahada ni ya nini.

Ndiyo maana nasisitiza mtihani. Chuo kikipima kwa onyesho la ukumbini, mbele ya wahadhiri na wageni waalikwa, mwanafunzi atajifunza kuwaridhisha wahadhiri na wageni waalikwa. Kinapopaswa kupima ni kijijini, na kwa muda. Muhula mzima wa mwaka wa tatu utumike katika kata moja, kwa wanafunzi wachache wachache, wakianza kwa kukaa na watu kabla ya kutunga chochote. Alama zigawanywe kwa hatua: utafiti, uchambuzi, uundaji wa igizo na wenyeji, uongozaji wa mjadala, na zaidi ya yote ufuatiliaji. Miezi sita baada ya onyesho mtahini arudi kijijini bila mwanafunzi, aulize yaliyokubaliwa yamefikia wapi na waliothubutu kusema wamepatwa na nini. Wanakijiji wawe na sauti rasmi katika alama hizo, kama waajiri wanavyojaza fomu za wanafunzi wanaokwenda mafunzo kwa vitendo.

Kutakuwa na wasiwasi kwamba wanakijiji watatoa alama kwa upendeleo, au kwamba mwanafunzi ataadhibiwa kwa sababu halmashauri imekataa kutengeneza pampu. Wasiwasi huo unajibika. Kinachopimwa kiwe uaminifu wa mchakato: je, waliozungumza waliongezeka, je, walikuwa na kauli juu ya mada, je, walijua hatari, je, kulikuwa na mpango wenye majina na tarehe? Kijiji kinaweza kushindwa kupata maji na mwanafunzi akafaulu, mradi watu wenyewe waseme kwamba jambo lilikuwa lao. Gharama nayo itatajwa, kwa kuwa miezi mitatu kijijini ni ghali kuliko miezi mitatu darasani. Lakini tumeikubali gharama ya aina hiyo kwa wanafunzi wa udaktari na ualimu, kwa sababu hakuna anayetaka kutibiwa na mtu ambaye hajawahi kumgusa mgonjwa. Tukiona kwamba mazungumzo kati ya serikali na wananchi ni jambo dogo lisilostahili gharama hiyo, tuseme wazi, kisha tuache kuandika neno ushirikishwaji katika kila waraka.

Basi wajibu umegawanyika. Vyuo vibadili upimaji na kukubali kwamba baadhi ya kazi bora za wanafunzi hazitaonekana kamwe kwenye tamasha. Serikali ziandike ujuzi wa uwezeshaji kwa njia ya sanaa katika sifa za ajira za maofisa maendeleo ya jamii na maofisa elimu ya afya, ili mhitimu awe na mlango wa kubisha. Wafadhili walipie siku za utafiti na ufuatiliaji kwa ukarimu ule ule wanaolipia siku ya onyesho, na wakubali kwamba mada iliyoibuka kijijini inaweza isiwe ile iliyo kwenye mkataba. Mzazi naye anayo haki ya kuuliza mwanawe atafanya nini na shahada hiyo. Kozi ikipimwa kwa njia niliyoieleza, kijana atakuwa na jibu ambalo wahitimu wengi wa kozi zinazosifiwa hawana: ataweza kuitaja kata aliyofanyia kazi, tatizo lililoibuliwa na wenyewe, na hatua waliyochukua baada ya yeye kuondoka.